Bi Waya Hakustaafu

Wapendwa waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee safari ya dada yetu hapa duniani, na kabla sijaanza mjue kwamba jana mchana ofisi ya kiwanda alichokuwa akifanyia kazi ilituletea shada la maua pamoja na ombi kwamba tusome kuwa marehemu alistaafu kwa hiari, nasi shada tumelipokea kwa adabu, lakini ombi tumelirudisha, kwa sababu hatuwezi kusimama mbele za Mungu na mbele ya jeneza hili tukasema uongo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, kifungua mimba katika watoto watano, katika chumba kilicho nyuma ya karakana ambamo baba yetu alisokota upya nyaya za mota zilizoungua na kuzipaka vanishi, na mama alizoea kusema kwamba mtoto yule alijua harufu ya vanishi kabla ya kujua ya maziwa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1975 hadi Novemba 1981, sekondari hadi mwaka 1985, kisha chuo cha ufundi, fani ya umeme, mwaka 1986 hadi 1988, akiwa msichana pekee darasani, na wenzake walipomtania kwamba umeme haumjui dada aliwajibu kwamba hata kaka haumjui, wakambandika jina la Bi Waya, naye akalivaa.

Tarehe 6 Februari 1989 aliajiriwa katika kiwanda cha vipuri vya pampu, akaanza kwa kubadilisha taa na fyuzi, akapanda hadi kuwa fundi mkuu wa umeme. Tarehe 18 Desemba 1993 alifunga ndoa na fundi wa kuchomelea, shemeji yetu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, na shemeji anasema waligombana kweli mara moja tu, meza ya kulia ilipogeuzwa meza ya kazi na familia ikala mikekani kwa wiki nne.

Hiyo ilikuwa mwaka 2014, kompyuta ya mashine kubwa ya kuchonga chuma ilipokufa, wakala wa waliouza mashine akasema vipuri vyake havitengenezwi tena, inunuliwe mashine nyingine, ingawa mota zake zote zilikuwa nzima, na wachongaji kumi na mmoja wakaambiwa wajiandae kurudi nyumbani. Dada aliomba wiki sita, akachukua kadi ya kompyuta inayoenea kiganjani, akaiwekea programu huria ya kuongoza mashine, yaani ile ambayo ndani yake ni wazi kwa kila mtu kuisoma na kuirekebisha, kisha akaiunganisha na draiva, yale masanduku yanayopokea ishara ndogo na kuipa mota nguvu.

Mashine ikaamka, lakini ikiamriwa kusogea sentimita kumi inasogea tisa na nusu, na dada, ambaye hakuwa mwepesi wa kujilaumu, aliwaandikia waliotunga programu ile, watu wa mbali asiowajua, barua ya ukali, wakamjibu kwa upole kwamba apime ishara zake, akapima, akakuta kadi yake inatoa volti tatu na kidogo huku draiva zikisubiri tano, hivyo zilikuwa zinasikia nusu nusu. Akatengeneza kwa mkono wake kadi ya katikati ya kuipandisha ishara, akaandika barua ya kuomba radhi ndefu kuliko ile ya ukali, na wiki ya sita mashine ilichonga, na wale kumi na mmoja wakabaki kazini. Michoro yake yote, pamoja na kosa lake, aliiweka wazi mtandaoni ili mwingine asijikwae hapo.

Mwaka 2019 meneja mpya alimwamuru aifute michoro hiyo ili kadi ile ya katikati iuzwe kama mali ya kiwanda, muundo wake ukiwa siri, na dada alimjibu mbele ya karakana nzima, "Mzee, walionifundisha bure hawakuniuliza mimi ni nani, nami sitamfungia mtu mlango." Ijumaa ya tarehe 30 Agosti 2019 alipewa barua ya kufukuzwa kazi kwa ukaidi, barua tunayo, na hivyo ndivyo tunavyosoma: alifukuzwa.

Oktoba 2023 alianza kuugua figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, akiwasumbua wauguzi kwa maswali juu ya pampu ya mashine ya kusafishia damu, akisali kila asubuhi bila kunung'unika, hadi Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, Mwenyezi Mungu alipomwita akiwa na miaka 56.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mlioyajibu maswali yake yote, majirani mliopika na kukesha nasi, na ninyi wachongaji, mlioomba ruhusa ya kuja kumzika mkanyimwa, mkaja, mmesimama pale nyuma na ovaroli zenu, Mungu awalinde kesho mtakapoulizwa.

Ofisi ya kiwanda imeuliza pia nani sasa ana nywila ya michoro ile. Anayo binti yake mkubwa, na hataifuta.

Dada, umemaliza, pumzika kwa amani ya Bwana, sisi bado tunabisha.