Miaka Ishirini na Tisa Kati ya Kuondoka na Kukimbia

Tarehe 30 Juni 2023, Papa Modeste Mushagalusa anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa, kasoro miezi miwili, akiwa mtafsiri wa ofisi yetu ya kuandikisha wakimbizi hapa Goma. Aliingia Septemba 1994, mji ukiwa umefurika watu, akiwa na kamusi moja na shati moja jeupe. Kamusi ameibadilisha mara nne.

Kazi yake ilikuwa kuandika kwa Kiingereza yale watu waliyosema kwa Kiswahili. Swali la kwanza la fomu huuliza kwa nini mtu ametoka kwake. Jibu huwa moja kati ya mawili: "leave", kuondoka, au "flee", kukimbia. Kila mfanyakazi mpya alipewa somo lake. "Leave" ni neno pana: mtu huondoka kwenda sokoni Kituku, huacha kazi, huacha ufunguo kwa jirani, na yote hayo ni "leave". "Flee" ni jembamba. Halibebi ufunguo wala kazi. Linataka hatari nyuma ya mtu. Aliyeandikiwa la pili alipata kadi ya chakula. Aliyeandikiwa la kwanza hakupata.

Yeye mwenyewe aliwahi kukosea. Januari 2002, lava ya volkano ilipofika nyumbani kwake, aliandika kwenye fomu yake kwamba aliondoka. Mwenzetu Fabiola akamtazama miguuni, akaona kiatu kimoja. "Papa Modeste, ulifunga mulango?" Hakuufunga. Akacheka, akafuta, akaandika "flee". Tangu siku hiyo hakumuuliza mtu kama alikimbia. Aliuliza juu ya mlango, na juu ya kilichobaki motoni.

Mwishoni mwa 2008 alifika muzee Twagirayezu kutoka mji wa Kiwanja, na familia ya watu tisa. Alishikilia kwamba aliondoka tu, na jibu hilo lilitosha kuwanyima kadi wote tisa. Papa Modeste akauliza waliacha nini jikoni. Mkewe, mama Nyirarukundo, ndiye aliyejibu: maharagwe motoni, mbuzi kwenye kamba, risasi juu ya paa.

"Mimi sikukimbia," muzee akasema. "Nilitangulia."

Foleni nzima ikacheka, mkewe akiwa wa kwanza. Papa Modeste hakucheka, wala hakuandika "flee" kwa siri. "Muzee, hili neno halisemi wewe ni muoga. Linasema risasi zilikuwa za kweli." Akamsomea fomu yote kwa Kiswahili, mara mbili. Muzee akaweka dole gumba. Kadi ilitoka siku ya nne.

Mwaka uliofuata walirudi Kiwanja, wote tisa. Muzee bado anasema alitangulia, na Papa Modeste hajawahi kumbishia.

Asante, Papa Modeste. Wewe na mkeo, mama Jeanine, tunawatakia miaka mingi ya kukaa nyumbani kwenu Himbi, bila sababu yoyote ya kutoka kwa haraka.