Beda Teodori na Tohe wa Mkesha wa Kupalizwa

Baba Paroko, wanajumuiya, majirani wa Mwazye, na ninyi ndugu mliotoka Sumbawanga mjini mkapanda roli tangu alfajiri, familia inawashukuru kwa kuja, na kwa niaba yake mimi Loth, mdogo wake marehemu, nitasoma maisha ya kaka yangu kama alivyoagiza yeye mwenyewe, nikiwaomba watani wetu ambao wameshaanza kucheka pale chini ya turubai wajizuie kidogo, maana ya kuchekwa yapo na yatafika.

Marehemu Beda Teodori alizaliwa tarehe 2 Machi 1951 hapa hapa Mwazye, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Teodori na Mama Rosina, akabatizwa siku ya nne kwa kuwa alikuwa dhaifu na hakuna aliyetegemea kwamba angefikisha wiki, lakini inasemekana alilia kwa sauti iliyomfunika padre, na tangu siku ile hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kumaliza sentensi mbele yake.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, akafanya vizuri katika kuimba na vibaya katika kunyamaza, na mwaka 1969 alikwenda Sumbawanga kujifunza ushonaji, akafungua kibanda chake pale Milanzi mwaka 1974, akawa fundi cherehani ambaye suruali zake zilivaliwa hadi Pito, na waliochelewa kushonewa hawakukasirika kwa sababu walipewa hadithi badala ya suruali. Mwaka 1998 alirudi nyumbani na cherehani yake, akalima mahindi na ulezi mpaka mwisho.

Tarehe 9 Oktoba 1976 alifunga ndoa takatifu na Mama Justa, aliyeketi hapa mbele yenu, wakajaliwa watoto watano, wa kwanza akiwa Rafaeli na wa mwisho Winifrida, na wajukuu kumi na mmoja, na Mama Justa ametuomba tuseme kwamba ilikuwa ndoa ya furaha ingawa masikio yake yamechoka.

Mwaka 1987 marehemu alirithi gobore la baba yetu, likiwa na leseni, na kila alipokwenda porini alikwenda na kibali, jambo ambalo tunalisoma kwa sauti kwa kuwa Bwana Nyama, afisa wa wanyamapori, yuko nasi na tunamheshimu. Alijishonea koti la kuwindia lenye mifuko tisa, wa baruti, wa gololi, wa fataki, wa vitambaa vya kushindilia, wa tumbaku, na mingine ambayo hata yeye alisahau ni ya nini, akawa haendi kuwinda bila rafiki yake wa tangu utotoni, Mzee Zenon Christopha, mtu mpole ambaye hawezi kusema neno kabla hajasafisha koo.

Sasa tumefika mahali ambapo marehemu aliagiza tusome polepole. Jumamosi tarehe 14 Agosti 2010, mkesha wa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, sisi watatu tulitumwa na parokia kutafuta kitoweo cha sikukuu, tukaenda kule kwenye mbuga ya wazi juu ya kijiji, mahali ambapo nyasi hazifiki gotini, mti wa kujificha hakuna, na tohe, swala yule wa nyikani, anakuona tangu ukiwa kwako unavaa viatu, ikabidi tutambae kwa tumbo muda wa saa nzima kuupinga upepo, kwa sababu gobore lina neno moja tu, ukikosa unaanza upya, baruti, kitambaa, gololi, fataki, na hajazaliwa tohe wa kukusubiri. Kabla ya kutambaa wao wawili walishindilia bunduki zao, mimi sikuwa nayo, na marehemu, kama kawaida yake, alishindilia yake huku akimfundisha Mzee Zenon namna ya kushindilia, kazi ambayo Mzee Zenon ndiye aliyemfundisha yeye mwaka 1987.

Wakafika hatua arobaini, wakafyatua kwa pamoja, moshi ukatufunika wote, na ulipoondoka tohe dume alikuwa chini, ana tundu moja tu, na marehemu alishapiga kelele mara tatu kwamba kampata, wakati Mzee Zenon ndiyo kwanza anasafisha koo. Alipomaliza, tohe alikuwa na mwenyewe.

Jamani, njiani kurudi marehemu alitia mkono mfukoni kutafuta tumbaku, akaikuta gololi yake, ile ile aliyopaswa kuitia kwenye bunduki, imelala salama katika mfuko wa tumbaku, akaelewa hapo hapo kwamba alikuwa ameshindilia baruti na kitambaa tu, na kwamba alichompiga tohe ni kelele. Alinyamaza kilomita tatu, mimi nikadhani anaumwa. Akajiambia atasema kesho, lakini kesho yake alisifiwa kanisani mbele ya watu wote, akapewa pembe, akaitwa Baba Tohe, akina mama wakapiga vigelegele, na maji yakawa yameshamwagika.

Mzee Zenon yeye alipewa jina la Mzee Moshi, eti bunduki yake hutoa moshi tu. Watoto wamemwita hivyo njiani, vilabuni wamemwita hivyo, na mjukuu wake Coleta alipoanza shule aliandikwa kwenye rejista Coleta Moshi, mwalimu akiamini kabisa kwamba ndilo jina la ukoo. Lilimuuma, ndugu waombolezaji, na marehemu aliona linavyomuuma, naye akatafuta dawa pasipo na dawa, akamshonea suruali bure kila Krismasi na kila Pasaka, jumla suruali ishirini na nane, ambazo Mzee Zenon hakuwahi kujua ni za nini, na mojawapo ameivaa leo.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, ila hii ya kaka yangu ilifika miaka kumi na minne. Tena aliitembea kwa hofu, kwani siku ya pili yake gololi haikuwemo tena kwenye koti, na hakuthubutu kuuliza nani kaichukua, kwa kuwa kuuliza ni kukiri. Alikuwa nayo Mama Justa, aliyeiona alipofua, akaelewa mambo yote kabla maji hayajachemka, akaiweka kwenye kopo la vifungo, akasubiri aone mumewe atakuwa mwanamume lini.

Afya ya marehemu ilianza kutetereka Februari mwaka huu wa 2024 kwa shinikizo la damu, baadaye figo, akalazwa hospitali mjini Sumbawanga tarehe 28 Oktoba, na Mzee Zenon alikwenda kumwona mara mbili akimpelekea uji wa ulezi, na mara zote mbili kaka yangu, mtu asiyekosa maneno, alifungua kinywa aungame akaishia kuulizia bei ya mbolea. Tarehe 12 Novemba alituita mimi na mkewe, akalia, akasema yote, nikaandika, akaweka sahihi, akafariki Jumanne tarehe 19 saa kumi na moja alfajiri. Katika kikao cha ukoo jana wapo waliosema tusijivue nguo mbele za watu, Mama Justa akasema msiposoma nitasoma mimi.

Kwa hiyo tunasoma alivyoandikisha: Tohe wa tarehe 14 Agosti 2010 aliuawa na Zenon Christopha, si na mimi, pembe ni zake, naomba awe wa kwanza kunitupia udongo, na akikataa asilaumiwe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochota maji na kupika, mafundi cherehani wenzake wa Milanzi, wanakwaya, na...

Samahani, tusubiri kidogo, Mzee Zenon amesimama, naona Rafaeli amemfuata, tafadhali wapisheni.

Nimeletewa ujumbe. Mzee Zenon anasema udongo atatupa, pembe atazifuata wiki ijayo, suruali harudishi hata moja, lakini kabla hatujaendelea anaomba sentensi ile isomwe tena, kwa sauti zaidi, kwa kuwa wanakwaya walikuwa wanahamisha mabenchi, na mwalimu wa Coleta amekaa kule nyuma.

Tohe wa tarehe 14 Agosti 2010 aliuawa na Zenon Christopha.

Pumzika kwa amani, kaka, ulikuwa umechoka sana.