Mistari Sita Niliyoifuta

Kaka yangu hakusoma kitu bila rula. Hata barua za mapenzi za wifi, alikiri mwenyewe, alizisoma akiishusha rula mstari kwa mstari.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Mimi nilimfuata miaka sita baadaye. Alimaliza sekondari mwaka 1992, akasomea kompyuta, na mwaka 1996 akaajiriwa na chuo cha ualimu. Tarehe 14 Agosti 1999 alimwoa mwalimu wa hesabu, aliyezoea kumtania: "Huyu hata ukimwita mezani atauliza mstari wa ngapi." Mwaka 2003 aliniombea kazi ofisini kwake.

Huko aliandika programu iliyowasaidia makarani kuweka matangazo kwenye tovuti. Karani aliandika faili la kawaida, akitumia alama alizozibuni kaka: [kichwa], [aya], na [ndani] kwa maneno ya ofisi tu, yaliyofungwa kwa [/ndani]. Programu iliyaondoa hayo ya ndani, ikachapisha yaliyobaki. Alama isipofungwa, iligoma na kutaja mstari wenye kosa. Makarani waliiita Mama Mkwe.

Tarehe 6 Juni 2008 iligoma mara nne. Nilikuwa na haraka, nikafuta mistari sita ya programu, ile iliyokagua kama alama zimefungwa. Siku tatu baadaye karani alisahau kufunga [ndani], programu ikayachapisha maneno ya ofisi, na magonjwa ya wanafunzi wetu yakasomwa na kila mtu.

"Hii kazi ya nani?" mkuu wa chuo aliuliza.

"Programu ni yangu," kaka akajibu.

Nilisimama pembeni yake. Nilinyamaza. Alifukuzwa, na mimi nikapewa kiti chake. Miaka kumi na sita alitengeneza simu kibandani, huku wateja wakimcheka: "Fundi, usije ukatangaza na ya kwangu!"

Alianza kuugua figo Januari 2024, akafariki hospitalini tarehe 21 Septemba. Ameacha mjane, mabinti wawili na mimi mdogo wake. Juzi nilimsomea wifi wasifu huu, na mistari sita ikiwemo. Akasema, "Soma hivyo hivyo mazikoni. Waliomcheka watakuwepo."

Apate sasa utulivu niliomnyima.

Siku mbili kabla hajatutoka nilikaa kando ya kitanda chake, nikakiri. Hakushtuka.

"Mimi nilijua tangu siku ile," alisema. "Wifi yako ndiye hajui."