Gharika Sabini za Godhana

Mheshimiwa Bwana Mkuu wa Wilaya. Shekhe Kadhi wetu. Wazee wa Kinakomba mlioshuka na mto siku nne. Wazee wa malisho mlioacha ng'ombe mikononi mwa wengine. Na wewe mgeni wa heshima, Bwana Wakala wa bima ya maisha: salaam aleikum.

Nimeombwa mimi Athman, karani na mkalimani wa boma hili la Kipini, nimuage Bwana Wakala, anayepandishwa cheo kwenda Mombasa. Nani anastahili zaidi? Kwa miaka mitano amepanda na kushuka Tana akitufundisha kwamba mauti yana faida, na sisi wajinga tulidhani yana msiba tu.

Tazameni ukarimu wake. Marehemu Godhana, mkulima wa Kinakomba, alipoulizwa umri siku ya kukata bima alisema ameona gharika sabini. Mimi, mtu wa pwani nisiyejua kulima hata bamia, nikatafsiri: miaka sabini. Sikujua kwamba watu wa mtoni huhesabu kila gharika, na mto hufurika mara mbili kwa mwaka, masika na vuli. Kosa ni langu, na linaniuma hadi leo. Lakini Bwana Wakala ana macho. Mbele yake alisimama mtu wa miaka thelathini na mitano, meno yote kinywani, aliyekuja akipiga kasia peke yake. Akaandika sabini, akamtoza ada ya mzee, iliyo kubwa kuliko ya kijana, kisha akamsifu kwa kutunza afya. Je, mmeona heshima kubwa kuliko hiyo?

Mwaka jana kiboko akapindua mtumbwi wa Godhana. Mkewe, Bi Tuneya, yule aliyeketi pale mlangoni na wanawe watatu, akaja na hati ya bima. Hapo ndipo macho ya Bwana Wakala yalipofunguka. Akamwambia, nami nikatafsiri kwa ulimi huu huu: "Mumeo hakuwa mzee. Alitudanganya. Hati imekufa pamoja naye."

Ametozwa kwa uzee, akanyimwa kwa ujana. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa, lakini ya Bwana wetu yamebaki yote.

Serikali nayo, masikini, haina adabu kwa wageni. Imetunga sheria bila kumtaka shauri. Eti kosa la umri halivunji bima. Husahihishwa tu, na mrithi hulipwa kwa umri wa kweli. Kwa hiyo kijana aliyelipa ada ya mzee, mjane wake hupata zaidi, si pungufu. Tena wakala aliyeshtakiwa hatoki wilayani kabla ya kujibu. Niliisoma juzi mara tatu, maana sikuamini kwamba kitu kizuri namna hii kimekaa kabatini mwangu mwaka mzima huku mama huyu akilia.

Wazee walitaka kumzawadia Bwana Wakala asali. Nikasema hapana, asali huisha. Zawadi yetu imo ndani ya bahasha hii, imetiwa sahihi asubuhi na Bwana Mkuu wa Wilaya mwenyewe: ni samansi, wito wa kufika kortini. Najua mizigo imeshapakiwa chomboni, wachukuzi wataishusha.

Bi Tuneya, simama mama, umkabidhi kwa mkono wako.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Sasa mpisheni mjane apite.