Maji Upande wa Benchi

Leo kijiweni kahawa ilinywewa kwa wasiwasi. Wiki nzima mjohoro wao, mti wa kivuli ulioanza kunyauka, ulikuwa umechomekwa sindano, jozi moja upande wa barabara, nyingine upande wa benchi: katika kila jozi, sindano ya chini inapasha joto, ya juu inapima maji yanalipandisha joto hilo kwa kasi gani. Leo binti mpimaji wa miti, aliyezichomeka, anakuja kusoma majibu. Maji yasipopanda, mti unakatwa Jumatatu. Fundi Saa hata kazi ilimshinda. Mjohoro huo aliupanda marehemu mkewe, jua lisimpige mumewe machoni akifungua saa za watu.

— Maji yapande juu kote huko bila pampu? — alisema Breki, dereva mstaafu. — Humo ndani mna pistoni, nawaambia.

— Pistoni iko kichwani mwako! — alidakia Mkurugenzi, mshona viatu asiyewahi kuongoza hata mbuzi. — Majani ndiyo yanavuta. Ila mti nao una moyo. Tangu shemeji atutoke, nani anausemesha? Umesusa kunywa.

— Basi jamani, — alisema Fundi Saa. Neno lile lilimchoma.

Binti akafika, akaunganisha mashine yake, akasoma.

— Upande wa barabara maji yanapanda vizuri. Upande huu wa benchi, hakuna kitu.

Akachuchumaa, akachota udongo, akaunusa.

— Samahanini, baba zangu. Hapa huwa mnamwaga nini?

Breki akamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akakitazama kikombe chake. Fundi Saa akalitazama kopo lililokuwa katikati ya miguu yake, lenye petroli anayooshea vyuma vya saa. Miaka kumi na moja, kila akifunga kazi, aliimwaga pale shinani, mbali na miguu ya wapita njia. Alijiona muungwana.

— Ni mimi, mwanangu, — alisema. — Mke wangu kanipandia kivuli, mimi nakinywesha petroli.

Breki alimshika bega.

— Mti utapona? — Fundi Saa aliuliza.

— Upande mmoja bado unakunywa, — alisema Binti. — Huu wa benchi siahidi, baba. Muuza kahawa akainamisha birika amwongeze mzee kikombe kimoja. Likatoa matone mawili tu; nalo lilikuwa limekauka.