Alhamisi Saa Kumi Ina Mtu

RISALA YA WANAFUNZI WA SHULE YA MUZIKI YA JAMII KATIKA HAFLA YA KUWAAGA WALIMU WAO WAWILI

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Elimu na Utamaduni wa halmashauri yetu. Mwenyekiti wa kamati ya shule. Mwalimu wetu Pumzi uliyeketi hapo mbele. Wazazi, majirani na wanafunzi wenzetu:

Sisi wanafunzi wa shule hii, watoto kwa watu wazima, tunakusalimu kwa heshima na furaha. Anayekusomea ni fundi cherehani wa darasa la watu wazima. Nimechaguliwa kwa sababu nina sauti kubwa, na kwa sababu wengine wote walikataa. Mwenyekiti ameniambia nisizidishe robo saa. Saa yangu nimeivua nimeiweka hapa juu ya karatasi, inasema saa kumi kasoro dakika kumi na saba. Leo nitatii muda kuliko mwenyekiti anavyonidhania.

UKARIBISHO

Karibu sana, na utuwie radhi kwa kiti chako, mguu mmoja umetiwa gazeti chini. Ulipoingia, watoto walikupigia wimbo wa kukupokea. Tusikufiche, tulikuwa tunakuangalia usoni. Ulitabasamu vizuri tu mpaka mwisho wa wimbo, pale ambapo mtu anategemea nota tatu za kushuka, zenyewe zikapanda. Uligeuza shingo ghafla ukaitazama piano. Dereva wako akadhani una kiu, akakuletea maji. Hapo tutarudi.

Huenda umeshangaa pia kwamba tunaaga walimu wawili huku kiti kimoja ni kitupu. Mwalimu Tena haumwi, na wala hajasusa. Yumo humu humu jengoni. Na hilo nalo tutalirudia.

HISTORIA FUPI

Shule hii ilianza miaka thelathini na minne iliyopita katika vyumba viwili vilivyokuwa stoo ya vitabu, nyuma ya maktaba. Mwalimu wa kwanza alikuja na piano moja ambayo ilibidi mlango ung'olewe ndipo iingie. Sisi tunamwita Mwalimu Tena, kwa kuwa hilo ndilo neno analolisema kuliko yote. Ukikosea, tena. Ukipatia, tena, ili ujue hukubahatisha. Baada ya miaka mitatu akaja Mwalimu Pumzi na tarumbeta yake, akaanza kutubandikisha karatasi ukutani kwa pumzi tu, bila mkono, huku yeye akihesabu polepole kama mtu asiye na haraka ya kufa. Watu wazima na ndevu zao walisimama pua ukutani wakipuliza mpaka macho yakawatoka.

Walimu hawa wamefanya kazi ukuta kwa ukuta miaka thelathini na mmoja bila kukubaliana juu ya dirisha la ukumbini. Bwana Pumzi analitaka wazi, wapulizaji wapate hewa. Bibi Tena analitaka limefungwa, piano isipate unyevu. Mwishowe lilifungwa kamba likabaki nusu, na kila mmoja anaamini alishinda. Mwalimu Pumzi, usicheke, kamba ile ile bado ipo.

Pale ukutani, mgeni rasmi, utaona ubao wa ratiba. Kila nusu saa ina jina la mtu. Kuna watoto arobaini na watatu wanaosubiri nafasi, na mama zao wanatusumbua mpaka sokoni. Lakini mraba mmoja hauna jina, umechorewa mstari mdogo tu wa chaki. Ni Alhamisi saa kumi. Kila mzazi mpya huuliza, "Na hii je, si tupu?" Na kila mara Mwalimu Tena hujibu, "Hiyo ina mtu."

Kwa miaka yote tuliyosoma hapa, hatujapata kumwona mtu huyo.

MAFANIKIO

Tumetoa wapiga tarumbeta, waimbaji na walimu wawili wa muziki. Tumetoa muuguzi anayeimba wodini hadi wagonjwa wanamwita hata kama hawana shida. Tuna dereva wa lori anayefanyia mazoezi ya piano kwenye usukani, Mungu atunusuru. Mimi mwenyewe nilianza nina miaka arobaini na mmoja, vidole vimejaa matundu ya sindano, sijui do wala re. Sasa napiga kwa mikono miwili, na mume wangu ameacha kutoka nje ninapoanza.

Na wote, mgeni rasmi, kuanzia mkubwa hadi mdogo, tunaujua ule wimbo wa kukupokea. Ndio wimbo wa kwanza anaofundishwa kila mwanafunzi hapa. Wote tunaumaliza kwa kupanda.

CHANGAMOTO

Paa linavuja. Mvua zilizopita lilivuja juu ya kabati la Mwalimu Tena, nikaenda kumsaidia kutoa vitabu. Chini kabisa nikakuta daftari la nota lililofungwa kwa kitambaa. Juu lina jina la utotoni la mtu fulani kwa wino wa kijani, na paka amechorwa pembeni, mkia mrefu kuliko mwili. Ndani, kwenye wimbo ule, mwisho uliochapwa umekatwa kwa penseli, na juu yake zimeandikwa nota tatu nyingine kwa mwandiko wa Mwalimu.

Nikamuuliza, "Mwalimu, hili la nani?"

"Lirudishe."

"Ndiye wa Alhamisi?"

Alikaa kwenye kiti cha piano, mikono mapajani. Akasema, "Alikuwa na miaka kumi na minne. Siku tatu kabla ya onyesho akabadilisha mwisho. Nikamwambia hivyo sivyo ilivyoandikwa. Akapiga vile vile. Nikafunga piano, nikamwambia kama unajua kunizidi, nenda, usirudi." Akalifunga lile daftari. "Alikuwa mtoto mtiifu. Hakurudi."

"Sasa si ungemfuata, Mwalimu?"

"Mwaka wa kwanza kiburi, mwanangu. Baada ya hapo aibu. Jioni ile ile niliupiga ule mwisho wake nikiwa peke yangu. Ulikuwa mzuri kuliko wa kitabuni."

Ni miaka ishirini na sita sasa. Siku hizi mtu huyo hutoa hotuba redioni, na jirani yetu kinyozi hufungulia redio kwa sauti ya juu. Hotuba ikianza, Mwalimu Tena hutuambia tupumzishe vidole. Tulidhani anatuonea huruma.

Mgeni rasmi, tunajua unatuelewa. Kama tumekukosea kwa kuyasema mbele za watu, lawama iwe juu ya fundi cherehani.

MAOMBI

Barua tuliyoleta ofisini kwako iliomba paa. Hatukusema uongo, paa ukitupa tutashukuru. Lakini si paa lililotufanya tukuite, na hafla hii hatukuipanga Alhamisi kwa bahati.

Mwalimu Tena alipoambiwa mgeni rasmi ni nani, alifuta miwani yake mara mbili. Akauliza, "Hafla saa ngapi?" Tukamwambia saa tisa na nusu. Akasema, "Basi mniwie radhi. Saa kumi nina mwanafunzi." Mwalimu Pumzi akamwendea: "Wewe mama, hii si ndiyo Alhamisi yako ya mwisho?" Akamjibu, "Ndiyo maana."

Kesho anakabidhi funguo. Keshokutwa anahamia kwa mdogo wake, safari ya siku mbili kwa basi. Sasa hivi yuko chumbani kwake, daftari lako liko wazi kwenye piano, anasubiri kama anavyosubiri kila wiki. Hatujamwambia kwamba tutakusomea haya. Pengine anajua, maana mama yule hafichwi kitu.

Hatukuombi umsamehe. Hilo ni lenu wawili. Huenda hujagusa piano tangu siku ile na unaogopa vidole vimesahau. Vitakuwa vimesahau, ndiyo. Atakwambia tena.

Mgeni rasmi, tuseme ukweli wa mioyo yetu: tunakuonea wivu. Saa zetu sisi zimekwisha. Yangu ilikuwa jana, Jumatano saa kumi na moja. Nilipiga vizuri mara ya kwanza, akatikisa kichwa akataka kunyanyuka. Nikakosea makusudi, ili aseme tena. Akasema. Nikakosea tena na tena, fundi mzima na miwani yangu, mpaka akanishika bega akaniambia, "Umeshajua, nenda nyumbani." Nililia njia nzima. Ningetoa cherehani yangu nipewe nusu saa nyingine, na wewe ya kwako ipo, imetunzwa.

HITIMISHO

Saa inasema kumi kasoro dakika mbili. Zawadi ya Mwalimu Pumzi itasubiri, yeye mwenyewe kasema. Hotuba yako itasubiri pia. Watoto wameahidi kukaa kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea hapa.

Ni ukumbi huu, halafu korido, mlango wa pili kushoto. Haukufungwa.

Tunamwomba Mungu awape walimu wetu wazee usingizi mzuri, magoti yasiyouma, na mlango unaobishwa hodi mara kwa mara. Na wewe akupe mikono isiyotetemeka, leo hasa.

Ni sisi wako, wanafunzi wa Shule ya Muziki ya Jamii, wa siku zote na saa zote, isipokuwa Alhamisi saa kumi.