Mwani Si Miwani: Jibu la Ukoo kwa Oliva

Mheshimiwa Diwani wetu, ambaye leo amefika kabla ya saa kwa sababu kadi ilitaja pilau, Baba Paroko, ambaye dhambi zangu anazijua zote na kwa bahati nzuri hana ruhusa ya kuzisema, Mwenyekiti wa Mtaa, Mkuu wa Shule, Mwalimu Beatus, wewe nitakufikia, kwa hiyo usiondoke, wanajumuiya, majirani wa dini zote, watani zangu mliokuja bila kadi na mkakalia viti vya mbele, wazazi wenzangu, na wewe mtoto wa binti yangu, mke wangu mdogo, Oliva. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Na wale wadogo zangu ambao tangu asubuhi wamenipita na sahani mikononi bila kuniamkia, shikamoo zenu nazipokea kwa jumla. Marahaba.

Mshereheshaji ameninong'oneza kwamba nina dakika tano. Kijana, dakika tano mimi huzitumia kusimama tu. Hotuba inaanza sasa.

Wageni mnaotoka mbali, mimi naitwa Teofili, babu mzaa mama wa huyu msomi. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lilinipendeza mno hata nikalisoma mara mbili. Basi mkisikia neno la kitaalamu linatoka kinywani mwangu likichechemea, msicheke. Mwenye neno yupo hapa, atalifunga bendeji.

Tumekusanyika hapa Lipangalala kwa mambo mawili. La kwanza ni la furaha: Oliva amemaliza shahada ya pili. La pili ni lile ambalo wote mmejifanya hamlijui, ingawa wiki nzima hamjaongea kingine kisimani, kanisani na kwenye mashine ya kukoboa. Oliva ana barua mbili. Moja inamwita Unguja kwa miaka mitatu, akatafiti mbegu za mwani, na anatakiwa awe kazini kabla joto la Disemba halijaingia. Nyingine inamtaka abaki hapa hapa Ifakara, afundishe biolojia katika shule ya Mwalimu Beatus. Baba yake alitutoka mtoto akiwa na miaka minne. Tukamlea mimi na mama yake, Restuta. Jumapili ukoo umekaa, umevutana, nusu wanasema aende, nusu wanasema abaki, mwisho wakachoka wakasema, mzee atatoa jibu Jumamosi mbele ya watu.

Na yeye mwenyewe alisema nini? Alisema, "Babu, mimi ni mtu mzima, basi nalijua linapopandiwa. Lakini sitaki kuondoka kama mtu aliyeiba njia. Ukisema nibaki, nitabaki." Mnauona ujanja wake? Mzigo kautua kichwani mwake, kanitwisha mimi mwenye magoti mabovu.

Kabla sijajibu, nianze na kosa langu, maana wapo humu walioumia.

Oliva alipopiga simu kutoka chuoni, miaka mitatu iliyopita, alisema, "Babu, nimechagua kusomea mwani." Simu yangu mnaijua, inakoroma kuliko mimi. Nikasikia miwani. Moyo wangu ukaruka. Nikasema, huyu ndiye mtoto, ameona bonde zima wazee wanashika Biblia kichwa chini miguu juu, akaamua kutusaidia macho. Nikatangaza. Nilitangaza jumuiyani, nikatangaza kilabuni, nikavuka mpaka Kivukoni nikawatangazia wavuvi. Nikaanza kuandikisha majina, na Mwalimu Sylvanus, huyu mstaafu anayenisahihisha kila nikifungua kinywa, ndiye aliyenishikia kalamu.

Oliva anakuja likizo, anakuta uani kwetu wazee kumi na mmoja wamekaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi. Mwalimu Sylvanus wa kwanza kwenye foleni, miwani yake imefungwa uzi wa kushonea. Mtoto akaamkia wote, akauliza, "Babu, kuna msiba?"

Nikamwambia, "Hakuna msiba, daktari. Anza na huyu, ndiye kipofu zaidi."

"Daktari wa nini?"

"Wa miwani."

Akakaa chini mchangani, akacheka mpaka mama yake akaleta maji. Kisha akasema, "Babu, ni mwani. Mwani. Majani yanayoota baharini." Nikamwambia, "Majani? Sisi hapa tunapigana na majani shambani kuanzia Januari mpaka Aprili, wewe umekwenda chuo kikuu kuyasomea? Ungeniambia mapema ningekutumia jembe." Mwalimu Sylvanus alikasirika, akaondoka bila kuaga, na mpaka leo anasema nilimpotezea asubuhi nzima. Mwalimu, mbele ya hadhara hii nakuomba radhi. Na ule uzi ubadilishe.

Lakini ndugu zangu, mtu akishakosea kwa sauti kubwa namna ile, anafanyaje? Anaweza kujificha, au anaweza kwenda kuona. Mwaka jana nikaenda kuona.

Mimi nimezaliwa ukingoni mwa Kilombero. Nimevuka mto huu kwa mtumbwi viboko wakinitazama kama makarani. Nilidhani maji ni maji. Boti ya Unguja ilinitapisha kila kitu nilichokula, na karibu initapishe jina la ubatizo. Nilipofika, Oliva, aliyekuwa huko kwa utafiti wake wa chuo, akanipeleka upande wa mashariki, kwa mama mmoja anaitwa Rabia, mkulima wa mwani, mtu wa makamo, mwenye ulimi kama wembe. Maji yalikuwa yamekupwa. Nikatembea juu ya shamba lake kama naingia bafuni kwangu.

"Mzee," akasema, "hapo unapokanyaga ni ada za watoto."

Nikaruka. Nikakanyaga pengine.

"Na hapo ni bati la nyumba."

Basi nikasimama kwa mguu mmoja kama korongo, nikafundishwa. Wale akina mama hufunga vipande vya mwani kwenye kamba, vinakua, wanavuna, wanakata vipande vingine kutoka mmea ule ule, wanafunga tena. Ni kama sisi na miti ya mihogo. Na sisi tunajua: ukipanda miti ya muhogo mmoja miaka nenda rudi, siku ugonjwa ukija hauchagui, unafyeka wote. Ndivyo ilivyowapata. Bahari ikichemka kidogo tu miezi ya joto, mwani unageuka mweupe, unalegea, unakatika kwenye kamba. "Tunaokota makombo," Rabia akaniambia. "Tunataka mbegu mpya, na mbegu mpya anayetutafutia ni huyu mjukuu wako. Ukimzuia, uje wewe utufungie kamba."

Mbegu mpya inatoka wapi? Inatoka kwa mwani wenyewe, ukizaana. Mimi sikujua kama jani la baharini linazaa. Kumbe linazaa, tena lina majira yake, na kazi yote ya Oliva ni kuchungulia uzazi huo kwa darubini. Nikamwuliza kama amewaomba ruhusa. Alinikata jicho.

Tukaingia maabara yao, akanionyesha matangi manne. La kwanza lina maji ya bahari kama yalivyo leo. La pili limeongezwa joto. La tatu linapulizwa ile hewa inayofanya soda ikuchome puani. "Ya nini soda?" nikauliza. Akasema, moshi wa magari, wa viwanda, wa misitu tunayochoma, na hapa bondeni kwa kuchoma sisi ni mafundi, una hewa hiyo hiyo. Bahari inaimeza, na kidogo kidogo maji yanaelekea uchachu ambao ulimi hauusikii lakini mwani unausikia. Tangi la nne lina vyote viwili, joto na uchachu. "Hiyo, babu, ndiyo bahari watakayoikuta watoto wangu." Nikafurahi kusikia kuna mpango wa watoto. Alinikata jicho mara ya pili.

Sasa, alipokwenda kupokea simu, nikawa peke yangu na matangi. Ndugu zangu, mimi ni mkulima. Mkulima hawezi kuona zao asilionje. Nikachomoa tawi moja dogo kwenye tangi la nne, nikatafuna. Lina chumvi, linateleza, halina ubaya. Oliva akarudi, akahesabu, akahesabu tena, akanitazama mdomoni. Alichukua daftari lake, akaandika, na mimi nilimwomba anisomee: "Sampuli namba tisa, tangi la nne: imeliwa na babu." Imo kitabuni, pale chuoni. Maprofesa wameisoma. Mwalimu Sylvanus, wewe umefundisha miaka thelathini na nane, jina lako limo kwenye kitabu gani?

Na majibu aliyoyapata? Jaribio lile alilifanya miezi ya baridi, akalirudia miezi ya joto. Miezi ya baridi, ukiongeza joto kidogo, mwani haujali, mbegu zinatoka kama kawaida. Miezi ya joto, ukiongeza joto lile lile, kipimo kile kile, halafu ukaweka na uchachu, mbegu zinakuwa chache, na hizo chache zinashindwa kushika kwenye jiwe. Nikamwambia, kumbe mwani ni kama mimi na marehemu bibi yako: wakati wa baridi blanketi moja, wakati wa joto kila mtu na mkeka wake. Baba Paroko, hiyo ni sayansi, usinikunjie uso.

Lakini kuna jambo moja lilinishika. Nilitazama lile tangi la nne, nikaona mwani mzuri, mnene, unacheza majini kama una harusi. Nikasema, "Oliva, huu mbona umestawi?" Akajibu, "Ndiyo babu. Jani linastawi. Mbegu hakuna. Mtu akipita anaona bahari ina mwani, kumbe ni wa mwisho."

Hapo nikainama, nikalitazama tangi upya. Neno lake tunalo hapa bondeni, halikutoka chuo kikuu: mapepe. Nani humu aliyelima mpunga asiyeyajua mapepe? Mnaukumbuka mwaka ule jua lilipowaka mpunga ukiwa kwenye maua. Shamba lilikuwa refu, kijani, kisha rangi ya dhahabu, watu wakipita wanatupongeza. Mpunga wenye chakula huinama; ule ulisimama wima kama diwani aliyechaguliwa jana. Tulipopepeta, upepo ukaondoka na vyote, ungo ukabaki mweupe. Restuta alikuwa na mimba ya Oliva mwaka ule. Tulipandaje mwaka uliofuata? Mama mmoja wa Mang'ula, Aurelia, ambaye hatukuwa na udugu naye hata wa kusingizia, alikuwa ametunza mbegu iliyostahimili, akatugawia debe moja. Sikumwuliza ni mtoto wa nani. Sikuuliza kama babu yake alitaka abaki nyumbani kumsomea vibandiko vya dawa.

Na hapo ndipo penye aibu yangu ya kweli. Barua ya shule haikushuka mbinguni. Niliifuata mimi. Nilivaa shati la Pasaka, nikaenda kwa Mwalimu Beatus, nikamwambia bonde lina njaa ya walimu wa sayansi. Ni kweli lina njaa. Lakini ukweli ule niliutumia kama kawa juu ya sahani, chini yake nilificha kitu kingine. Restuta, usinitazame hivyo, shati ulilipiga pasi wewe. Oliva, hukujua. Sasa umejua. Sikutafuta mwalimu. Nilitafuta mtu wa kubishana naye asubuhi, maana tangu bibi yako aondoke, nyumba hii hainijibu. Hiyo ni sababu ya kumpenda mtu. Kumzuia, haitoshi.

Basi jibu la ukoo ni hili. Oliva, nenda.

Nenda ukautafute mwani ambao hata katika tangi la nne, hata mwezi wa joto, bado unazaa. Najua upo, kwa sababu hata mwaka wa mapepe kuna masuke mawili matatu yaliinama. Mwalimu Beatus, nakurudishia nafasi yako na kukuomba radhi. Mpe Dionisi wa Kivukoni, ana cheti cha biolojia kimetundikwa ukutani huku yeye anavua perege. Anajua kuwapasua, atajua na kuwafundishia watoto.

Pigeni vigelegele, lakini msinyanyuke, sijamaliza. Nina ungamo la mwisho. Tangu Jumapili nimeletewa kuku. Wale wa aende wameleta wanne, wale wa abaki wameleta watano, na mmoja, simtaji, ameleta pande zote mbili. Nimewala wote kwa moyo mweupe. Tiketi ya Oliva ya Jumatatu alfajiri nilikuwa nimeshaikata siku ya Jumamosi iliyopita, kabla kikao hakijakaa. Ipo hapa, mfukoni mwa shati. Msinidai kuku.

Mnamwona, amepiga magoti. Inuka, mke wangu, gauni lenyewe la kuazima. Inuka uje uichukue kabla sijabadili mawazo.

Waliopika, waliobeba viti, waliofunga turubai, na ninyi nyote mliovumilia mzee wa darasa la nne akiwafundisha habari za bahari: kwa kunisikiliza mpaka mwisho, na pilau linapoa, asanteni sana.